Jiwe la Kufulia la Mwanvua

Jumatatu, 14 Septemba 1953

Musafiri amenishika tena leo. Ni kaka wa mke wangu, muramu kama tunavyoitana, na ndiye mwenye nyumba ya kahawa hapa mtaani kwetu Kasuku: paa la majani, jiko la makaa, birika mbili, na wateja wanaokaa juu ya masanduku ya samaki. Mvua ikinyesha wote husimama kwenye tope, kikombe mkononi. Sasa anataka baraza la mawe mbele ya nyumba, refu, lenye mgongo wa kuegemea, na liwe tayari kabla ya Maulidi.

"Muramu, wageni wa Kasongo watakuja," akasema. "Nitawaweka wapi? Juu ya masanduku?"

"Masanduku njo yanawafaa. Watu wenyewe wanakunywa kikombe kimoja toka asubuhi mpaka adhuhuri."

Akacheka, maana alijua nimekwisha kubali. Tangu nilipogombana na Mzungu wa kazi za serikali nikaacha ukapita, yaani usimamizi wa waashi, najenga meko na makaburi tu. Meko hayaonwi na mtu na makaburi hayasifiwi. Baraza litaonwa na mji mzima. Jambo hilo liliniingia kichwani kabla kahawa haijapoa.

Ukapita ule ndio ulionizoesha kuandika kila jioni kazi ya siku. Kazi imekwisha, ugonjwa wa kuandika umebaki. Mke wangu Sharifa anasoma msahafu vizuri kunishinda, lakini herufi hizi za Wazungu hazijui, kwa hiyo hapa nasema nitakavyo.

Alhamisi, 17 Septemba

Tumechimba msingi. Udongo mzuri.

Jumamosi, 26 Septemba

Anaclet, dereva wa kamiyo, lori la Mgiriki, ameleta mawe kutoka machimboni kilimani. Nimeyapanga chini siku nzima, nikiyagonga moja moja kwa nyundo. Jiwe zima hulia, lenye ufa hukohoa. Wazee wa kahawa wanakuja kunishauri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujenga ukuta, na wote wanajua.

Jumanne, 6 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 7 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua imebomoa daraja la njia ya machimboni. Anaclet anasema hapiti mtu mpaka serikali itakapolijenga, na serikali haina haraka. Mwili wa baraza umesimama na mgongo pia. Linalokosekana ni mawe mapana ya kukalia, manne tu. Bila hayo nimejenga ukuta mfupi wa kufungia mbuzi. Musafiri haniulizi kitu, ananiangalia tu huku akikoroga tangawizi. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimewaza mawe ya kufulia.

Ukingo wetu wa Lualaba ni tope tupu, kwa hiyo kila mwanamke ana jiwe lake pale anapofulia. Jiwe hilo huletwa na mume. Siku ya kuoa hulibeba mbele ya watu mpaka mtoni, na nilipombebea Sharifa lake shingo iliniuma mwezi mzima. Mume akimwacha mke, huja kuliondoa au hutuma mtu aliondoe. Wanawake wakiona nafasi tupu hawangoji kuambiwa. Na mwanamke akifa, jiwe lake husogezwa mwisho wa safu, upande wa chini wa mto. Hapo hafui mtu.

Wakati wa kula nikamuuliza Sharifa, "Yale mawe ya marehemu, njo ya nani?"

"Si ya mutu. Ya Mungu tu. Unauliza juu ya nini?"

"Bure tu."

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimeyachukua. Baada ya sala ya alfajiri nilishuka mtoni na toroli, ukungu bado umelala juu ya maji, wanawake hawajafika. Mto umepanda sana juma hili. Nilikwenda mwisho wa safu nikang'oa manne ya mwisho, nikayafunika kwa magunia, nikapandisha. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamelala juu ya saruji, upande uliolika kwa kufuliwa chini, upande wa chini juu. Yamekaa kama yalizaliwa pale. Moja ni jekundu kidogo na lina mstari mweupe katikati, zuri kuliko yote, nimeliweka pembeni karibu na mlango.

Waliolala makaburini hawafui nguo. Sijamwibia mtu.

Jumamosi, 17 Oktoba

Sharifa amerudi kutoka mtoni mapema, beseni bado limejaa nguo chafu. Akaliweka chini, akakaa kizingitini.

"Asumani amemwacha Mwanvua," akasema.

Mwanvua ni jirani yetu wa nyuma, ukuta kwa ukuta. Ana watoto wawili wadogo. Mume wake Asumani alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya bati ya Kalima mwaka juzi, na hurudi wakimpa ruhusa, yaani mara chache.

"Nani amesema?"

"Hakuna mutu amesema. Jiwe yake haiko. Ametuma mutu kuitoa kama mwizi. Tumefika na mabeseni, tunamukuta anaitafuta ndani ya maji na muguu. Anasema pengine mto imeifunika. Sisi tunamuangalia tu, hakuna hata mumoja alisema neno. Kisha akaelewa mwenyewe. Akajitwika nguo zake kavu, akapanda."

Nikauliza jiwe lenyewe lilikuwaje. Sijui kwa nini niliuliza, nilikuwa nimekwisha jua.

"Jekundu kidogo. Iko na mustari mweupe."

Nimeelewa kosa langu pale pale, na ni la kijinga kiasi kwamba naona haya kuliandika. Mto umepanda. Mawe mengi ya marehemu yako palepale, chini ya maji. Nilichokiona mimi kuwa mwisho wa safu kilikuwa mwisho wa yale yanayoonekana tu. Matatu niliyochukua yalikuwa ya marehemu wa juu zaidi, na la nne, la kwanza kung'oa, lilikuwa la mwanamke aliye hai, anayepika nyuma ya ukuta wangu.

Nilifungua kinywa nimwambie Sharifa. Wallahi nilifungua. Halafu Musafiri akapiga hodi, amekuja kuniambia kwamba imamu amepita, ameketi juu ya baraza, amesema Kasongo hawana kama lile. Nikafunga kinywa. Nikasema nitamwambia kesho.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikumwambia.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo nimepaka saruji juu ya jiwe la pembeni, na ili lisionekane peke yake nikayapaka yote manne. Musafiri alikasirika.

"Mawe ilikuwa mazuri, muramu. Unayafunika sababu gani?"

"Mvua itayala," nikasema. Jiwe lilikaa mtoni miaka na mvua haikulila. Lakini Musafiri ni mtu wa kahawa, akaniamini. Nimemharibia baraza lake ili nisilione jiwe.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimewaza jinsi ya kulirudisha. Haiwezekani. Nikilirudisha kimya kimya, wanawake wataliona na kuuliza nani amelileta, na mwanamume anayempelekea mwanamke jiwe mtoni anatangaza ndoa. Nikimpa Sharifa alipeleke, haitakuwa kitu, jiwe halipelekwi na mwanamke. Anayeweza kulirudisha ni Asumani peke yake, na Asumani yuko Kalima, hajui lolote.

Njia iliyobaki ni kusimama mbele ya watu niseme: ni mimi. Kisha baraza libomolewe kabla ya Maulidi, na mimi, Bulaimu fundi, niwe Bulaimu mwizi wa mawe ya wanawake. Kila nikifika hapo nasimama.

Jumanne, 27 Oktoba

Mvua. Kahawa imejaa watu. Wote wameketi, mimi nimesimama. Nimesema mgongo unaniuma.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mwanvua ameanza kukaa eda. Hafiki mtoni, na hakuna atakayemwazima jiwe, maana mwanamke aliyeachwa haruhusiwi jiwe la mwingine mpaka eda iishe. Wanasema humhamishia mwenzake balaa. Anafua vijikanga vya watoto ndani ya sufuria. Sharifa huchanganya nguo zao ndani ya beseni letu na kuzifua kimya. Leo nimeona gauni la mtoto wa Mwanvua limeanikwa kwenye kamba yetu, nikatoka nje bila kula.

Jumanne, 3 Novemba

Kaka yake Mwanvua amefika kwa mtumbwi kutoka Lokandu. Mtu mpole, mvuvi. Amesema Maulidi ikipita atamchukua dada yake na watoto, na kwamba kuna mfanyabiashara wa Lubutu, mjane, ambaye eda ikiisha atamposa. Amesema hayo akiwa ameketi juu ya jiwe la dada yake, anakunywa kahawa, na mimi nimesimama mbele yake nikimwitikia kwa kichwa.

Maulidi ikipita. Kwa hiyo nina siku za kusema. Nimezihesabu kama mtu anayehesabu asichotaka kulipa, kisha nikajiambia Maulidi kwanza, halafu nitakwenda Kalima mwenyewe. Ndivyo nilivyojiambia. Nimejua pia ni kwa sababu gani.

Alhamisi, 5 Novemba

Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nikinoa patasi. Mwanvua akaniita kwa jina la binti yetu kutoka upande wake wa ukuta, amejifunika shuka mpaka machoni.

"Baba Zaina."

"Naam, mama."

"Weye unakaa na wanaume kwenye kahawa. Wanaume wanasema kila kitu pale. Hukusikia nilikosa nini?"

"Sijasikia kitu."

"Hata kidogo? Aliporudi mwezi wa Ramazani tulikaa muzuri. Nilimupikia, alicheka na watoto. Nimetafuta kwa kichwa yangu kila neno nililosema. Pengine njo ile siku nilikataa mama yake achukue kuku. Pengine njo ile."

"Si kuku, mama."

"Unajua namna gani si kuku?"

Nilisema, "Mwanamume haachi mke kwa kuku." Akashukuru, akaingia ndani. Amenishukuru. Mimi nilikaa pale na patasi mpaka jua likanichoma kichwa, nikijitukana matusi ambayo sitayaandika hata kwa herufi hizi. Ningesema pale pale, ukutani, watu wawili tu, na ingekwisha. Neno halikutoka. Nimezoea kujiona mtu wa hasira za haki, mtu aliyemjibu Mzungu usoni. Kumbe kwa Mzungu nilikuwa shujaa, kwa jirani mwanamke mwoga.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua. Daraja limejengwa. Njia ya Kalima nayo inapitika, Anaclet anasema. Sikumuuliza, amesema mwenyewe.

Ijumaa, 20 Novemba

Maulidi imesomwa jana jioni na leo. Wageni wa Kasongo walikuja, na wa Lokandu, na wengine sikuwajua. Walijaa baraza zima, bega kwa bega, kanzu nyeupe tupu. Imamu akaniita mbele, akasema mkono wa Bulaimu usichoke. Watu wakaitikia amina. Mzee mmoja wa Kasongo akanishika mkono akagonga saruji, akaniuliza mawe mapana ya chini yake nimeyapata wapi.

"Mtoni," nikasema. Ndilo neno la kweli pekee nililosema mwezi huu, na hakuna aliyelisikiliza.

Mwanvua hakutoka. Nilisikia watoto wake wakiimba kasida nyuma ya ukuta.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimemwambia Sharifa. Nilianza vibaya, nikaanza na daraja na mvua na kamiyo, na yeye akaniacha nizunguke mpaka nikachoka nikasema. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchagua mchele, kisha akaacha.

"Nami nilimuambia avumilie," akasema. "Kila siku namuambia, vumilia, Mungu anajua. Weye ulikuwa hapa, unakula, unanisikia."

"Nilikuwa hapa."

"Na siku ya Maulidi ulivaa kanzu mupya."



"Nenda Kalima," akasema. "Mulete Asumani kabla kaka ya Mwanvua hajapakia vitu. Mimi nitamushika Mwanvua hapa kwa uongo mwingine, sababu ya uongo wako. Nenda."

Jumamosi, 28 Novemba, Kalima

Naandika ndani ya kamiyo ya Anaclet, yeye amekwenda kutafuta petroli. Nataka niandike sasa, kabla sijaanza kujitengenezea namna nyingine ya kukumbuka.

Nilipata ruhusa ya safari kwa serikali juzi, tukavuka mto, tukalala njiani kwa sababu ya tope. Leo saa nne nilifika kambi ya machimbo nikauliza nyumba ya Asumani. Nilimkuta amekaa mlangoni, hana kazi leo. Aliniona akafurahi, akauliza habari za watoto, akaniita baba Zaina, akaniletea kiti. Nyuma ya nyumba kuna kijito, na kando ya kijito mwanamke kijana alikuwa anafua. Alifulia juu ya jiwe pana, safi, bado halijaota kijani upande wa chini. Nililiona kabla sijamwona mwanamke mwenyewe. Mimi ni fundi wa mawe.

Hata hivyo nilimwambia yote. Kwamba ni mimi, kwamba ni kosa, kwamba Mwanvua anakaa eda ya talaka ambayo haikutolewa, kwamba kaka yake anamchukua. Nikamwambia kamiyo iko hapa, twende, ukalibebe jiwe wewe mwenyewe mbele ya watu, mimi nitabomoa baraza kwa mikono yangu.



"Na yeye aliamini?" Asumani akauliza.

"Angefanya nini? Jiwe haikuwa pale."

"Aliamini tu. Hakutuma mutu kuniuliza."

"Mwanamke aliyeachwa atatuma nani kuuliza?"

Akatazama kijitoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ameingia hapa mwezi huu huu. Mzungu wa kambi anaandika bibi mumoja tu kwa nyumba. Nilikuwa sijui nitafanya namna gani. Ungekuja mapema, baba Zaina, pengine ningepanda kamiyo nawe."

Pengine anasema kweli. Pengine anatafuta mtu wa kumtwika. Sitajua kamwe, na amenitwika barabara.

"Basi, ilivyokuwa njo iwe vile," akasema. "Mwambie nimemwacha. Weye njo shahidi."

Nilisimama. Nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umekwisha kunja ngumi, nao ni mkono uleule ulioling'oa jiwe, nikaona aibu nikauteremsha. Nilikuja kumchukua mume nimrudishe, naondoka na talaka yake mdomoni mwangu.

Jumanne, 1 Desemba

Njiani. Tope. Anaclet anaimba. Nimemwomba anyamaze.

Alhamisi, 3 Desemba

Nimefika jana usiku, na leo asubuhi nikaenda kwa Mwanvua, Sharifa pamoja nami. Kaka yake alikuwa mtoni anatengeneza mtumbwi. Vyombo vyao vimefungwa kwenye mikeka.

Safari hii sikuanza na mvua. Nilisema: jiwe nililichukua mimi, nilidhani ni la marehemu, nikajua kesho yake, nikanyamaza kwa ajili ya Maulidi na sifa zangu. Nikasema nimetoka Kalima. Nikasema aliyoyasema Asumani, na mwanamke wa kijitoni sikumficha.

Mwanvua hakulia. Alikuwa amempakata mtoto wake mdogo mapajani, akawa anamfungua na kumfunga kifungo cha shingo.

"Kwa hiyo hakutuma mutu," akasema.

"Hakutuma."

"Alikuwa hajafanya kitu. Weye ulimukuta, ukamupa sababu, akapokea."

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile kwa ukuta, nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Sharifa akaanza kulia. Mimi nikasema nililokuja nimelipanga njia nzima: kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa nitasimama juu ya baraza lile, mbele ya imamu na watu wote, niseme nilichofanya, kisha nilibomoe. Nilikuwa tayari kabisa. Nitaandika ukweli: nilikuwa nalingojea kwa hamu, kama mgonjwa anavyongojea kutapika.

Mwanvua akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Hutasema."

"Mama, ni haki yako watu wajue."

"Wajue nini? Leo wanajua bwana yangu aliwaza, akakata shauri, akatuma mutu toka Kalima mpaka hapa juu yangu. Ile ni kuachwa, wanawake wengi wameachwa. Ukisema weye, watajua aliniacha sababu fundi alikosea jiwe. Watajua alikuta mulango wazi tu, akatoka. Watoto yangu watasikia ile. Watacheka nayo kwa kahawa yenu mpaka nizeeke." Akamweka mtoto chini. "Umechukua jiwe yangu. Hii hutachukua. Utakaa na wenzako, utakunywa kahawa, na mutu akiuliza, utasema alituma mutu."

Nikamwambia siwezi. Nilisema hivyo kweli, na Sharifa akanishika mkono kuniambia ninyamaze.

"Uliweza mwezi muzima," Mwanvua akasema. "Utaweza."

Jumamosi, 5 Desemba

Wameondoka asubuhi kwenda Lokandu. Nilibeba mikeka yao mpaka mtumbwini, kaka yake akanishukuru kwa ujirani mwema. Mwanvua aliketi katikati na watoto, uso mbele. Sharifa alibaki ukingoni mpaka mtumbwi ukapotea kwenye kona, kisha akafua nguo zetu. Hasemi nami ila ya lazima.

Jumapili, 6 Desemba

Mvua.

Ijumaa, 11 Desemba

Baada ya sala nilipita mbele ya kahawa nikitaka kwenda nyumbani. Musafiri akaniita mbele ya watu. Alisema ni aibu, fundi aliyejenga baraza hajaketi juu yake hata siku moja, watu watasema amelitilia dawa. Wakacheka, wakasogea, wakaniachia nafasi ya pembeni, karibu na mlango. Nikasema mgongo. Wakasema mgongo ndiyo sababu tumejengewa pa kuegemea.

Nikakaa.

Mmoja wao, fundi cherehani wa mtaa wa juu, akaniuliza kama ni kweli Mwanvua ameondoka na watoto. Nikasema ni kweli. Akasikitika, akasema Asumani hakuwa mtu mbaya, yeye hawezi kuamini kwamba alimwacha mke vile, bila kuja mwenyewe. "Weye jirani yake unajua," akasema. "Kweli alituma mutu?"

Wote walikuwa wananiangalia, wanangoja.

"Alituma mtu," nikasema.

Fundi cherehani akatikisa kichwa, akasema dunia imeharibika. Musafiri akanijazia kikombe hadi ukingoni, nikanywa.